Bibi Fletcher amejuaje? Kipindi cha mauaji kinavyofumwa, na kingekwamia wapi Mahakama Kuu Tanga

Vijana wa barazani kwetu Ngamiani wamekua na filamu ambazo stelingi anajulikana tangu mwanzo, adui naye anajulikana, kinachongojwa ni kipigo tu. Ndiyo maana ukiwawekea Murder, She Wrote, tamthilia ya televisheni ya Marekani, huanza kuguna mapema. Hakuna gari linalofukuzana na jingine, bastola ikilia hailii mbele ya macho yetu, na stelingi, Bibi Jessica Fletcher, ni mjane wa makamo anayekwenda kwa baiskeli, jambo ambalo kwa mtu wa Tanga si kioja lakini kwa filamu ni kioja. Dakika za mwisho bibi huyo anasimama mbele ya mtu ambaye hakuna aliyemdhania, anamweleza alivyoua, na mtu yule badala ya kukana anamwaga yote. Hapo ugomvi unaanza. Amejuaje? Wapo wanaosema kabahatisha. Wapo wanaosema kanong'onezwa na mwandishi, basi, tusisumbuane.

Hawa wa pili wamekaribia. Kipindi cha aina hii kinavaa nguo za upelelezi, lakini ndani yake ni mchezo unaochezwa kati ya mwandishi na mtazamaji, na mchezo una kanuni. Kanuni hizo ndizo zinazomwezesha bibi kujua. Ndizo hizo hizo pia ambazo ukizipeleka mahakamani zinageuka matatizo, hasa ile ya mwisho, ya muuaji kukiri mbele ya watu.

Kwanza yenyewe. Tamthilia hii ilianza kurushwa na CBS ya Marekani tarehe 30 Septemba 1984 ikaendelea mpaka Mei 1996: misimu 12, vipindi 264. Jessica Fletcher, mwalimu mstaafu aliyegeuka mwandishi wa hadithi za mauaji, aliigizwa na Angela Lansbury, mzaliwa wa London. Anakaa Cabot Cove, mji wa kubuni wa wavuvi katika jimbo la Maine, ingawa picha za mji huo zilipigwa Mendocino, California, pwani ya upande wa pili kabisa wa nchi. Watazamaji wengi wameshatania kwamba mji mdogo vile, kwa idadi ya maiti zake, ulipaswa kubaki mtupu.

Sasa tazama kipindi cha kwanza kabisa. Jessica ameandika hadithi kwa kujiliwaza tu baada ya kufiwa na mumewe. Kupitia mpwa wake Grady, mswada unafika kwa mchapishaji wa New York, kitabu kinatoka, kinavuma. Mchapishaji mwenyewe, Preston Giles, ni muungwana wa kupigiwa mfano, na mjane wetu anaanza kumwelekea moyo. Giles anamwalika kwenye karamu ambayo kila mgeni anavaa kama mhusika fulani wa hadithi. Kisha maiti inakutwa kwenye bwawa la kuogelea, imevaa mavazi ya Sherlock Holmes. Aliyekuwa na mavazi hayo karamuni ni Caleb McCallum, tajiri wa migahawa ya samaki, mtu mwenye maadui wa kutosha kujaza daladala. Kila mmoja anauliza: nani alimchukia Caleb? Mpaka inapobainika kwamba maiti si ya Caleb. Ni ya mpelelezi wa kukodiwa aliyekuwa ndani ya nguo zile. Polisi wanamshika Grady. Muuaji ni Giles mwenyewe. Miaka 40 imeshapita, sioni haya kumtaja.

Ukiona alichofanya mwandishi hapo, umeshaielewa nusu ya kazi. Hakumficha Giles. Giles yuko mbele yetu tangu mwanzo, anacheka, anamimina vinywaji. Alichofanya ni kutupa swali lisilo sahihi tulihangaikie. Maadamu tunauliza nani alimtaka Caleb afe, orodha yetu ina majina ya maadui wa Caleb, na Giles hayumo. Siku swali linapogeuka kuwa nani alimtaka yule mpelelezi afe, orodha nzima inafutika.

Vipindi vingine vyote vinarudia mtindo huo kwa mapambo tofauti. Anayekufa huwa ni mtu aliyewakosea wengi, maana akifa mtu mwema aliyependwa na kila mtu hakuna wa kumshuku. Watu wanaoshukiwa hawazidi saba au wanane na wote wako mahali pamoja: nyumba ya wageni, meli, harusi, kisiwa. Mtu wa njiani haruhusiwi kuwa muuaji. Polisi wanamshika asiye na hatia, mara nyingi ndugu au rafiki wa Jessica, ili awe na sababu ya kuingilia yasiyomhusu. Na katikati ya kipindi, pale unapoanza kujipongeza kwamba umemjua, yule uliyemtilia shaka anakutwa naye amekufa. Kifo cha pili kina kazi hiyo tu, kukunyang'anya jibu lako. Hata Caleb mwenyewe, baada ya kuponea chupuchupu kuwa marehemu wa kwanza, hafiki mwisho wa kipindi.

Kanuni hizi ni za zamani kuliko televisheni. Mwaka 1929 kasisi mmoja wa Kikatoliki wa Uingereza, Ronald Knox, ambaye mwenyewe aliandika hadithi za mauaji, alitoa amri 10 za fani hiyo, nusu kwa utani nusu kwa dhati. Mhalifu lazima awe ametajwa mapema. Mpelelezi asifiche kidokezo alichokiona. Asishinde kwa bahati nasibu. Mapacha wasiibuke ghafla. Na mambo ya mizimu na nguvu za giza yasiingie kabisa. Mwaka uliofuata waandishi wa huko, akiwemo Agatha Christie na Dorothy L. Sayers, waliunda klabu yao London, na mwanachama mpya alikula kiapo cha kutomdanganya msomaji.

Amri ile ya nguvu za giza sisi wa Tanga inatuhusu kuliko wengine, kwa jinsi tunavyosingiziwa mikoani. Lakini sababu yake ni ya kiufundi, haihusu imani ya mtu. Mganga akishaweza kutazama kwenye maji akamtaja muuaji, kipindi kinakwisha dakika ya sita na mtazamaji hakupata nafasi ya kucheza. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alilijua hilo. Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya yake iliyotoka mwaka 1960, inabeba mzimu kwenye jina, lakini mpelelezi wake, Bwana Msa na kiko chake, anafumbua kwa kutazama, kuuliza na kupanga. Mzimu umewekwa pale kuwapoteza wenye kuogopa.

Kuna ushahidi mzuri kwamba waundaji wa Jessica walijua wanacheza na mtazamaji. Richard Levinson, William Link na Peter S. Fischer walikuwa wameshirikiana kabla kwenye tamthilia nyingine, Ellery Queen, ya 1975 na 1976. Humo, kabla ya sehemu ya mwisho, mpelelezi alikuwa akigeuka, anakutazama wewe uliyekaa kwenye kochi, anakuuliza kama umeshamjua muuaji, maana vidokezo vyote umeshavipata. Kwa Jessica swali hilo halisemwi. Badala yake kuna ule mtazamo wake: mtu anasema jambo la kipuuzi kuhusu chai au koti, bibi anaganda, macho yanakwenda mbali, kisha anaomba radhi na kuondoka mbio. Hapo ndipo unapaswa kusimamisha kipindi kwa rimoti. Kila alicho nacho yeye, unacho na wewe.

Vidokezo huwekwaje hadharani bila kuonekana? Njia rahisi ya kueleza ni kubuni kipindi chetu wenyewe, hapa hapa mjini.

Nyumba iko Raskazone, ukuta wake wa nyuma unatazama bahari, na ngazi za mawe zinateremka ufukweni. Mwenye nyumba, mfanyabiashara wa katani, ameita watu kwenye karamu ya harusi ya binti yake. Mwanzoni kabisa wageni wako uani, kinamama wanausifu mwezi ulivyojaa, mmoja anasema bibi harusi kapata usiku wenye taa ya bure. Watu wanacheka, pilau inapakuliwa, tunasahau. Saa 4 usiku kelele: mwenye nyumba amekutwa chumbani kwake, kapigwa kichwani na mchi. Mdogo wake alikuwa na ugomvi naye wa shamba. Mke mdogo alitishiwa talaka. Dereva hajalipwa miezi. Na mshirika wake wa biashara kutoka Dar es Salaam, aliyekuja kwa ajili ya harusi, anakuja mbio kutoka upande wa bahari, nywele zinachuruzika. Alikuwa akiogelea, anasema, pale chini ya ngazi, maji yakimfika shingoni, hakusikia kitu. Polisi wanamchukua dereva.

Asubuhi yake mwalimu mstaafu wa jirani anakuja kuhani. Anapita uani, kwenye kamba kuna bukta nyeusi ya kuogelea na taulo. Kamera inawaonyesha kwa sekunde mbili, halafu inamfuata yeye jikoni kwenda kuonja bada, ugali wa muhogo. Amri ya Knox imetimizwa: umeonyeshwa mwezi, umesikia maneno ya mshirika, umeiona bukta. Ni juu yako kuviunganisha.

Mtoto yeyote wa Deep Sea, kwa wavuvi wetu, angeviunganisha kabla ya chai. Mwezi ukiwa mpevu ni bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana, na katika pwani yetu bamvua ina saa zake: maji hujaa karibu saa 10, alfajiri na jioni, na hupwa karibu saa 4, asubuhi na usiku. Kati ya kujaa na kupwa ni zaidi ya mita 3. Kwa hiyo saa 4 ya usiku wa mwezi mpevu, chini ya ngazi zile hapakuwa na maji ya shingoni. Palikuwa na matope, mawe na kaa. Aliyetoka Dar es Salaam naye ana bahari, angeweza kujua, lakini huyu ni mtu wa ofisini, bahari kwake ni mandhari. Na bukta nyeusi iliyoingia maji ya chumvi ikakauka kwenye kamba huacha ukungu mweupe kwenye mishono. Ile ilikuwa safi. Alijimwagia maji ya jaba.

Ona nafasi kati ya vidokezo. Mwezi umetajwa kama urembo, karibu na mwanzo. Maneno ya kuogelea yamesemwa katikati ya vilio, wakati sote tunamtazama mke mdogo. Bukta imepitishwa njiani kuelekea kwenye chakula, na hakuna kitu kinachomzuga mtazamaji kama chakula. Mwandishi hajadanganya hata mara moja. Kaweka kila kitu mahali ambapo macho yako yalikuwa na shughuli nyingine. Ukitaka kumshinda mwandishi wa aina hii, acha kuwatazama wanaogombana, maana ugomvi umewekwa ili uutazame. Sikiliza maneno ambayo kipindi kingekwenda vizuri tu bila hayo. Hakuna sekunde ya bure kwenye kipindi kisichofika saa moja. Sentensi isiyo na kazi, basi kazi yake iko mbele.

Lipo tawi la pili ambalo halihitaji haya. Levinson na Link hao hao ndio waliomuunda Columbo, na humo unamwona muuaji akiua mwanzoni kabisa. Raha ni kungoja afisa wa koti lililokunjamana amkamate vipi. Mtindo huo R. Austin Freeman wa Uingereza alikuwa ameshautumia mwaka 1912. Vijana wa barazani huukubali upesi zaidi, nadhani kwa sababu adui anajulikana.

Kinachoniudhi katika vipindi hivi vyote ni maiti. Dakika ya kumi imeshaondolewa, mjane amebadilisha gauni, watu wanaendelea na vinywaji. Hilo nalo ni la makusudi: huzuni ya kweli ikiingia sebuleni, mchezo unakuwa haramu, kwa hiyo msiba unafutwa. Kipindi chetu cha Raskazone kisingeweza. Harusi imegeuka msiba, turubai halihitaji kuletwa maana lilikuwepo, kinamama wanahamia chumba cha ndani, na swali la kwanza la wazee si nani kaua. Ni: tunazika saa ngapi? Mila inataka kabla jua halijatua. Sheria inataka daktari auchunguze mwili kwanza, na mwili uko hospitali ya Bombo. Mzee wa ukoo anakwenda kuomba, mpelelezi anamwambia asubiri, sheikh anatuma ujumbe kuuliza. Mvutano huo ungeweza kubeba nusu ya kipindi, na ni kitu ambacho Cabot Cove haijawahi kuwa nacho.

Tuje kwenye kukiri.

Kwenye televisheni, kukiri kunafunga hadithi. Jessica anaeleza, muuaji anaangua kilio au kicheko, anasema kwa nini alifanya, mkuu wa polisi aliyekuwa amejificha nyuma ya mlango anajitokeza. Picha inaganda kwenye uso wa bibi akitabasamu. Kwetu, hapo ndipo kesi inapofunguliwa.

Mshirika wetu akikiri mbele ya mwalimu na wafiwa, maneno yake hayatupwi. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imeshasema kwamba ungamo la mdomo mbele ya mashahidi wa kuaminika, hata wakiwa raia wa kawaida, linaweza kutosha kumtia mtu hatiani. Lakini lazima aliyekiri awe alikuwa huru. Fikiria wakili wake anavyouliza: sebule ilikuwa na watu wangapi? Wangapi kati yao ni ndugu wa marehemu? Mlango ulikuwa wazi? Kuna aliyeshika fimbo? Wafiwa wenye hasira wamemzunguka mtu mmoja, usiku, halafu unamwita huru?

Ndiyo maana polisi hawatategemea sebule. Watamhoji kituoni na kuandika maelezo ya onyo, yaani anayoyatoa akishaonywa kwamba yanaweza kutumika dhidi yake, na sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inawapa saa 4 tangu ashikwe, muda unaoweza kuongezwa kwa utaratibu maalumu. Maelezo mengi yameondolewa kwenye kumbukumbu za mahakama kwa sababu saa zilipita. Kwa tahadhari watampeleka pia kwa mlinzi wa amani, kwa kawaida hakimu, akarudie maneno yake mbele ya mtu asiye polisi. Kesho yake, akishaongea na wakili, atasema alipigwa, au hakusema kabisa. Hapo inasikilizwa kesi ndani ya kesi, ya kuamua tu kama karatasi ile ipokelewe. Na hata ikipokelewa, ungamo lililokanwa majaji hulitazama kwa jicho la tahadhari, hutafuta kitu kingine cha kulishikiza.

Wakati huo wote atakuwa rumande, maana mauaji hayana dhamana. Atafikishwa kwanza Mahakama ya Hakimu Mkazi, na gazeti litaandika sentensi tunayoijua kwa moyo, kwamba mshtakiwa hakutakiwa kujibu chochote kwa kuwa mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza kesi hiyo. Kisha kutajwa, kuahirishwa, upelelezi haujakamilika, kutajwa tena, mpaka mwenendo kabidhi, utaratibu wa kuihamisha kesi, uipeleke Mahakama Kuu. Akipatikana na hatia chini ya kifungu cha 196 cha Kanuni ya Adhabu, kinachofuata cha 197 kinataka ahukumiwe kifo. Hilo Jessica halitamki kamwe, lingeharibu tabasamu.

Na ungamo likianguka, upande wa mashtaka unabaki na nini? Na bahari na bukta. Huo unaitwa ushahidi wa mazingira, na mahakama huukubali ukiwa umeungana bila pengo na unamwelekea mshtakiwa peke yake, bila kuacha maelezo mengine yanayoingia akilini. Sebuleni kidokezo kimoja kizuri kinatosha. Mahakamani, uongo wa mshirika kuhusu kuogelea unaweza kumwumiza, lakini hautoshi kumfunga. Watu hudanganya walikokuwa kwa sababu nyingi, na mgeni wa harusi anaweza kuwa alikuwa na mke wa mtu. Mtu hutiwa hatiani kwa nguvu ya mashtaka, hatiwi kwa udhaifu wa utetezi.

Hata maji yenyewe yanahitaji shahidi. Wakili wa Serikali anaweza kuleta jedwali la kujaa na kupwa. Au anaweza kumwita mvuvi mzee wa Deep Sea aliyeishi na bamvua tangu utotoni, apande kizimbani aeleze kwamba usiku wa mwezi mpevu, saa 4, pale Raskazone huogelei, unatembea. Jaji ataandika. Kisha wakili wa utetezi atasimama, atarekebisha joho, atamwuliza swali moja tu: mzee wangu, usiku ule wewe ulikuwa ufukweni?

Mzee alikuwa kalala. Alikuwa na safari ya alfajiri, maji yakijaa.